Mikono Inayovimba Asubuhi

Soma: Marko 3:1-5

Katika sinagogi alikuwako mtu mwenye mkono uliopooza. Bwana Yesu alimwambia aunyoshe, naye akaunyosha. Mtu wa Kitshanga anaelewa upesi kwa nini habari hiyo iliandikwa. Mkono ndio unaoshika jembe, unaotwanga sombe, unaokamua ng'ombe na kumfunga mtoto mgongoni. Mkono ukishindwa, nyumba inalala njaa. Leo tutajifunza juu ya ugonjwa mmoja unaoharibu mikono polepole, na jinsi unavyoweza kujulikana mapema.

Jina lake ni baridi yabisi. Wengine husema rumatizimu. Jina hilo linadanganya kidogo. Baridi ya milima yetu huweza kuongeza maumivu, lakini haileti ugonjwa. Wala haukuletwa na sumu ya jirani. Tafadhali, tusivunje ujirani kwa sababu ya vidole vilivyovimba. Jambo lenyewe ni hili: mwili una walinzi wake katika damu, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu walinzi humpiga mwenye nyumba. Hushambulia ngozi laini iliyo ndani ya viungo. Ngozi hiyo huvimba na kujaa maji, na baada ya muda huanza kula mfupa. Wanawake hupatwa mara mbili au tatu zaidi ya wanaume.

Mgonjwa ataona nini? Huamka asubuhi vidole vikiwa vigumu, hawezi kukunja ngumi, na ugumu huo hudumu nusu saa au zaidi. Viungo vya katikati ya vidole na vile vya mwanzo wa vidole huvimba, mara nyingi mikono yote miwili. Ukimshika mkono kwa salamu na kuubana, anaruka kwa maumivu. Mzee anayeumwa viungo vya ncha za vidole jioni baada ya kulima, mara nyingi ana ugonjwa mwingine, ule wa viungo kuchakaa. Na mkono usiohisi moto wala sindano ni habari nyingine kabisa: upimwe ukoma.

Sasa tuje kwenye mashine. Tangu mwaka 1895, Röntgen alipopiga picha ya mkono wa mke wake, waganga wametazama mifupa kwa picha ya radio, yaani eksirei. Picha hiyo ni njema, lakini katika ugonjwa huu huchelewa. Huonyesha mfupa ukiwa umekwisha kuliwa. Iko picha nyingine, inayoitwa IRM, ambayo Lauterbur na Mansfield walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao juu yake. Haitumii miali ya eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu sana, nayo husoma maji yaliyo mwilini. Palipo na uvimbe pana maji mengi kuliko kawaida, hata ndani ya mfupa. Fikiri nyumba ya udongo wakati wa mvua: radio inaona ukuta ukiisha kubomoka, IRM inaona unyevu ukiwa bado ndani ya ukuta.

Je, kila mwenye maumivu ya vidole atafute IRM? Hapana. Kwanza, hata watu wazima wa afya huweza kuonekana na uvimbe mdogo katika picha hiyo. Pili, huko Leiden, Uholanzi, waganga walichukua watu 236 waliokuwa na maumivu tu, na ambao IRM ilionyesha uvimbe uliofichika. Nusu walipewa dawa ya metotreksati mwaka mmoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa ameugua, upande wa waliopewa dawa na upande wa wasiopewa. Lakini waliopewa dawa waliumwa kidogo zaidi na walifanya kazi vizuri zaidi. Basi mashine huona mapema, lakini kuona si kuzuia.

Mashine hiyo ni ya bei kubwa na inataka umeme usiokatika. Mama wa Kitshanga asiingoje. Mikono ya mganga inayobana viungo vyake kimoja kimoja inatosha kuanza, pamoja na kupima damu. Ingawa damu nayo hukosea, maana wagonjwa wengine hawaonyeshi alama, na malaria au kifua kikuu huweza kuionyesha bure. Waganga wa Ulaya, katika mashauri yao ya mwaka 2016, walisema mgonjwa aonwe na mganga wa viungo ndani ya majuma 6, na dawa ianze ndani ya miezi 3. Kwetu njia ya Sake kwenda Goma haipitiki kila siku. Kwa hiyo viungo vikivimba majuma mawili bila kupungua, nenda kituo cha afya juma hilohilo, ili upate muda wa safari.

Metotreksati humezwa mara moja kwa juma. Anayeimeza kila siku anaweza kufa. Mwenye mimba asiitumie kabisa, na damu ipimwe mara kwa mara. Vidonge vya deksametazoni vinavyouzwa sokoni huondoa maumivu kwa siku chache, uso ukanenepa, watu wakakusifu kwamba umepona. Huku mfupa huweza kuendelea kuliwa. Aliyevimeza muda mrefu asiviache ghafula, amwambie mganga.

Na kama siku moja utatumwa kupigwa IRM, sema kabla ya kuingia ikiwa una chuma chochote mwilini. Katika nchi yetu wako wengi wenye kipande cha risasi au cha bomu kilichobaki tangu vita, nao wamekisahau. Sumaku ile huweza kukisogeza. Onyesha kovu, hata kama ni la zamani.