SOMO LA WIKI: Dawa za Akili na Moyo Wako

Maandiko ya kusoma: Isaya 38:1-5 na 21; 1 Timotheo 5:23
Lengo: Mwamini anayetumia dawa za akili ajue kuutunza moyo wake bila kuacha dawa kwa siri.

Wako ndugu kati yetu wanaomeza dawa za akili kila usiku, na Jumapili tunaimba nao kwenye kwaya. Mimi ni mmoja wao.

Mwaka wa kwanza, moyo wangu ulianza kwenda mbio. Nikisimama ghafla, naona kizunguzungu. Nikajiambia, hii dawa itaniua. Mpendwa mmoja akasema, "Dada, huyo ni Roho anakuambia uiache." Nikaiacha, sikumwambia daktari wala mume wangu. Kufika wiki ya tatu nilikuwa silali tena, na watoto waliniona nikirudishwa hospitali. Huko wakanipima presha nikiwa nimelala, kisha nimesimama. Wakaniwekea waya kifuani kupima umeme wa moyo, ile ECG. Daktari akabadilisha dawa. Leo niko kazini.

1. Hezekia aliomba, na bado akatibiwa
Mfalme alilia mbele za Bwana, akaongezewa miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Paulo naye alimshauri Timotheo cha kutumia kwa ajili ya tumbo. Hakuna aliyewaambia hawana imani.

2. Dawa na moyo
Olanzapini na klozapini zinaweza kuongeza uzito, sukari na mafuta kwenye damu. Klopromazini inaweza kushusha presha ukisimama. Haloperidoli na sitalopramu, hasa kwa dozi kubwa, zinaweza kuvuruga mapigo. Klozapini, mara chache, huvimbisha misuli ya moyo, hasa wiki za kwanza. Si kila mtu hupata haya. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi huuawa na magonjwa ya mwili ambayo yangeweza kuzuiwa. Sigara na kukosa kupimwa vimo humo.

3. Mambo ya kufanya
• Pima presha, uzito, sukari na mafuta unapoanza dawa, baada ya miezi 3 hivi, kisha kila mwaka. Uliza kama unahitaji ECG.
• Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, au kama kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana.
• Ukienda hospitali au duka la dawa kwa shida nyingine, beba pakiti ya dawa zako. Erithromaisini, na kwinini ya malaria, pia hugusa mapigo ya moyo.
• Kabla ya kufunga, ongea na daktari. Anayetumia lithiamu asifunge bila maji. Mwili ukikauka, dawa hupanda kwenye damu mpaka iwe sumu.
• Punguza soda na vya kukaanga. Tembea. Amka kitandani polepole.
• Ukizimia, ukiumwa kifua, ukikosa pumzi, au moyo ukienda mbio pamoja na kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kesha. Tutakuombea njiani.
• Dawa ikikusumbua, rudi kwa aliyekuandikia. Usiache peke yako.

4. Sisi wengine
Tuache kuuliza, "Bado unameza tu?" Tuulize, "Umepimwa lini?" Kuna mtu kwenye kikundi chako cha nyumbani anayekosa nauli ya kliniki, au anayeogopa kwenda peke yake. Msindikize.

Maswali ya kikundi
1. Kwa nini ni rahisi kumwombea mgonjwa wa presha hadharani, lakini si mgonjwa wa akili?
2. Je, tumewahi kumfanya mtu aache dawa? Tutarekebisha vipi?

Ombi
Baba, wewe uliyeumba akili na moyo, tupe ujasiri wa kusema ukweli kwa daktari na upendo wa kutembea na wagonjwa wetu. Katika jina la Yesu. Amina.