Insulini Haitaki Barafu

Wengi hudhani kwamba baridi ikizidi kwenye friji, ndipo dawa hukaa salama zaidi. Sivyo. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Ikishaganda huharibika, hata kama ikiyeyuka huoni tofauti. Mgonjwa atajidunga kama kawaida, na sukari itazidi kupanda.

Kontena nyingi za friji zinazopitia bandari ya Mombasa hupima hewa iliyomo na kupunguza nguvu ya kompresa baridi inapotosha. Friji nyingi za nyumbani huwaka na kuzima tu, kwa hivyo baridi hupanda na kushuka. Usiweke insulini karibu na sehemu ya barafu wala igusane na ukuta wa nyuma. Iweke katikati, na kipimajoto kando yake.

Unampelekea mzazi wako dawa Kedowa? Usiilaze juu ya barafu. Itenganishe kwa kitambaa. Chupa aliyokwisha kuifungua yaweza kukaa nje ya friji wiki 4 hivi, penye kivuli, mbali na jiko, joto lisipozidi nyuzi 25. 

Iliyowahi kuganda usiitumie. Nenda kliniki upewe nyingine.