Kufundisha Kasi ya Picha katika Kompyuta Mpakato

Wanachuo wengi wanapoandaa somo la kurekebisha kioo cha kompyuta huanzia kwenye vitufe: bofya hapa, kisha pale. Hatukubaliani na mpango huo. Mtoto aliyekariri njia ya vitufe hupotea mara akutanapo na mashine ya toleo jingine, na mwalimu wake hupotea pamoja naye. Kwanza mtoto aelewe ni kitu gani kinachobadilishwa.

Kioo cha kompyuta hakishiki picha kama ubao ushikavyo maandishi ya chaki. Picha yote huchorwa upya mara nyingi katika kila sekunde, na idadi ya mara hizo hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Mjerumani, Heinrich Hertz. Kompyuta mpakato nyingi zina hezi 60. Baadhi hufika 120 au 144.

Zana ya kufaragua ni daftari kuukuu. Pembeni mwa kurasa 24 achorwe mcheza bugobogobo akirusha jembe, nalo lipande kidogo katika kila ukurasa. Ngoma hiyo si ngeni kwa watoto wa Kisesa, na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako jirani nao. Kurasa zikifunuliwa polepole, jembe huenda kwa kurukaruka. Zikifunuliwa upesi, hupaa. Hata hivyo mfano huu una upungufu, nao yafaa usemwe darasani: daftari huonyesha picha mpya kila mara, ilhali kioo huchora upya hata picha isiyobadilika. Ukurasa wa hesabu uliotulia huchorwa mara 144,000 katika kipindi cha dakika 40, kwa hezi 60. Watoto wa darasa la tano wakokotoe wenyewe.

Hapo swali la maana hujitokeza: kuna faida gani kuuchora ukurasa huo mara 288,000? Hatuioni. Hezi 120 hulainisha mwendo wa michezo na wa kishale, lakini hula betri zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, mwalimu mwenye mashine ya namna hiyo na apunguze hadi 60.

Katika Windows 11, bofya mahali patupu pa kioo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua mipangilio ya kioo, kisha ushuke hadi mipangilio ya ziada. Orodha ya kasi imo humo. Ukichagua, mashine huuliza kama badiliko libaki, na usipojibu katika sekunde 15 hurudi ilivyokuwa. Basi kioo kikiwa cheusi kwa kuwa projekta haikuikubali kasi hiyo, mwalimu aondoe mikono, angoje. Orodha ikiwa na kasi moja tu, asidhani mashine ni mbovu. Mara nyingi kioo chake hakina nyingine.

Vioo vya zamani vya bomba vilimetameta kwa hezi 60 na kuchosha macho, hata watu wakashauriwa kupandisha hadi 75 au 85. Ushauri huo ungali ukirithishwa, ingawa vioo bapa vya leo havimeti kwa namna ile.

Katika kupima somo, tusimwambie mtoto aonyeshe kitufe. Tumpe kazi mbili, kusoma hadithi kwa betri na kutazama mchezo wa mpira penye umeme, achague kasi ya kila moja na kueleza sababu. Wanaosubiri zamu yao kwenye kompyuta wawe na daftari zao za bugobogobo mezani.