KIHARUSI: MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUFIKA HOSPITALI

Katika mashamba ya miwa ya Awendo, Kaunti ya Migori, mtu akianguka ghafula kazini, wenzake huweza kudhani kwamba amezidiwa na jua, au njaa, au pombe. Humlaza kivulini, humpa maji, wakangoja apate nafuu. Pengine dhana yao ni ya kweli. Lakini ikiwa ameshikwa na kiharusi, kungoja huko kwaweza kumfanya kilema maisha yake yote, au kumwua.

Kiharusi si uchawi wala si pepo. Ni ugonjwa wa ubongo. Mshipa upelekao damu katika ubongo huzibwa na donge la damu, au hupasuka, na sehemu ikosayo damu huanza kufa. Madaktari hukadiria kwamba chembe za ubongo zipatazo milioni 2 hufa kila dakika.

Dalili zake ni rahisi kupimwa. Mgonjwa aambiwe atabasamu: je, upande mmoja wa uso umelegea? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja washuka? Aseme maneno machache: je, ulimi ni mzito? Dalili moja tu yatosha kumpeleka hospitali.

Basi na yafanywe haya:

1. Saa dalili zilipoanza iandikwe. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya ubongo kupigwa picha, ili ijulikane kwamba mshipa haukupasuka.

2. Litafutwe gari upesi, na hospitali ipigiwe simu. Pikipiki haifai, kwa kuwa aliyepooza upande mmoja hawezi kujishika.

3. Nguo za shingoni zilegezwe. Akizimia naye bado apumua, alazwe kwa ubavu, matapishi yasije yakamziba koo.

4. Asipewe chakula, wala maji, wala dawa yo yote. Koo lililolegea huweza kumpalia, na aspirini huzidisha kutoka kwa damu ikiwa mshipa umepasuka.

5. Dalili zikitoweka, apelekwe vivyo hivyo. Huko ni kuonywa tu, na kiharusi kikubwa huweza kufuata.

Mwisho, ikumbukwe kwamba kisababishi kikubwa cha kiharusi ni presha ya damu, nayo huweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu. Kwa hiyo kila mtu mzima na apimwe, na mwenye kupewa dawa asiziache kwa kuwa tu ajiona mzima.