Mkojo Unaokutoroka Si Lazima Uwe UTI

Mama anaingia duka la dawa hapa Nkuhungu, Dodoma, anasubiri wanaume waliomtangulia watoke, kisha anainamia dirisha: "Naomba dawa ya UTI." Hajapimwa. Ukimdadisi atakwambia mkojo haumkai. Anapewa vidonge, anavimaliza, na mwezi ujao yuko dirishani tena. Sina ugomvi na muuza dawa. Ugomvi wangu ni na hilo neno UTI, ambalo siku hizi limegeuka kapu la kutupia kila shida iliyo chini ya kitovu.

UTI ni wadudu waliovamia njia ya mkojo. Huja na kuchoma wakati wa kukojoa, kwenda chooni kila mara, pengine homa na maumivu ya tumbo la chini. Ni kweli inaweza kumfanya mtu ashindwe kubana mkojo, ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupeleka mkojo maabara. Lakini kama hakuna wadudu na bado unalowa, antibayotiki haina kazi mwilini mwako. Swali linalobaki ni hili: mkojo unakutoka wakati gani?

Kama unakutoka ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka au ukijitwisha maji, tatizo liko kwenye misuli ya nyonga. Misuli hii imetandazwa chini kama kitanda cha kamba, nayo ndiyo inayobeba kibofu na kizazi. Kamba zikilegea, msukumo wowote wa tumbo unapenyeza mkojo. Dumu la lita 20 lina kilo 20, na maji ya bomba yakikatika, ni nani huliinua? Kuzaa hulegeza misuli hiyo, na vilevile unene, kikohozi kisichoisha, choo kigumu na ukomo wa hedhi. Kwa hiyo dada wa miaka 25 mwenye mtoto mmoja anaweza kuwa na shida hii sawa na bibi yake.

Dawa yake ya kwanza haiuzwi popote. Ni zoezi, na daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel aliandika kulihusu tangu mwaka 1948. Jifanye unazuia ushuzi usikutoke mbele ya mkwe. Ile sehemu iliyojibana na kupanda juu ndiyo yenyewe. Akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme hubana ngoma katikati ya mapaja, na mtu angedhani hao hawana shida kamwe, ila misuli ya mapaja siyo hii. Wala si ya makalio au tumbo. Bana, hesabu hadi tatu, achia, pumzika kwa muda uleule. Siku zikienda, fika hadi kumi. Rudia mara nane hadi kumi, na ufanye hivyo asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kulifanya ukiwa ndani ya daladala ya kwenda mjini na konda asijue. Usilifanye kila mara wakati mkojo unatoka, maana kibofu kitazoea kubakiza. Wengi hukata tamaa wiki ya pili. Lipe miezi mitatu. Na kila unapotaka kuinua dumu au kukohoa, bana kwanza.

Kuna wengine ambao hawalowi wakikohoa. Kwao haja huja ghafla kama mgeni asiyebisha hodi; unatafuta ufunguo wa mlango na tayari umechelewa. Hapo kibofu kinajikaza kabla hakijajaa, na kazi ni kukifundisha upya. Kwa siku tatu andika kwenye daftari umekunywa nini, umekojoa saa ngapi, umelowa lini. Ukishajua mwendo wako, haja ikija kaa chini, bana misuli, isubirishe dakika tano ndipo uende. Baadaye iwe kumi. Endelea kwa wiki sita au zaidi, mpaka uweze kukaa kwa muda wa saa mbili hadi nne bila kwenda. Punguza chai na kahawa. Maji usiyaache, kwa jua hili la Dodoma mkojo utakuwa mzito na wa njano iliyokolea, na mkojo wa namna hiyo huchokoza kibofu zaidi. Mazoezi yasipotosha, daktari anaweza kuongeza vidonge vya kutuliza kibofu, ambavyo hukausha mdomo na kufunga choo. Wapo pia wenye shida zote mbili, na hao hufanya yote mawili.

Mwambie daktari kama una kisukari au unakunywa dawa za presha. Baadhi ya hizo huongeza mkojo, na kubadilisha tu saa ya kumeza kunaweza kukusaidia, lakini usiziache kwa uamuzi wako.

Hali moja haingoji zoezi wala daftari. Mkojo ukitiririka usiku na mchana baada ya kujifungua, hasa kwa uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula: tundu kati ya kibofu na uke. Si laana, wala si ushahidi wa uzinzi, kama wanavyotukanwa wanawake wengi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mpira wa mkojo ukiwekwa mapema, tundu dogo linaweza kuziba lenyewe. Likishakaa, linashonwa, hata baada ya miaka. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huwatibu wenye fistula bure, na imekuwa ikiwatumia nauli kwa simu.

Kwa mengine, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakishindwa watakupa rufaa ya Hospitali ya Mkoa, ambayo wengi bado tunaiita General, au Benjamin Mkapa kule UDOM. Kwa daktari bingwa yapo mengine: pete laini inayowekwa ukeni kuinua kizazi kilichoshuka, na upasuaji kwa misuli iliyokataa mazoezi. Wahi bila kusubiri ukiona damu kwenye mkojo, ukishindwa kukojoa kabisa, ukipata homa na maumivu ya kiuno, au miguu ikiwa dhaifu na sehemu za siri zikifa ganzi.

Ukishakaa mbele ya daktari usiseme "tumbo linanisumbua," utarudishwa na vidonge vilevile. Sema: "Mkojo unanitoka nikikohoa, tangu mtoto wa pili." Ukimwonea haya kwa sababu ni mwanamume, omba nesi au mkunga mwanamke. Daftari lako la siku tatu liwe mkononi.