Sala na Dawa Hazigombani

Katika nyumba zetu nyingi, mtoto akishikwa na homa kali, husikika maneno mawili yanayovutana. Mmoja asema, “Tumpeleke hospitali.” Mwingine ajibu, “Tuombe tu. Mwenye imani hana haja ya dawa.” Na mtoto akifa, wazazi huambiwa kwamba walipungukiwa na imani. Maneno hayo yachoma mioyo, na mara nyingine yaua. Basi na tuyaulize Maandiko Matakatifu.

Mfalme Hezekia aliugua hata akawa karibu na kufa. Alisali huku akilia, naye Mungu akamsikiliza, akamwongezea miaka 15. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu, na mfalme akapona (2 Wafalme 20:1-7). Aliyemponya ni nani, Mungu au tini? Ni Mungu, aliyetumia matunda aliyoyaumba mwenyewe. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha vivyo hivyo: mgonjwa asali, atubu dhambi zake, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwani dawa nazo zatoka kwa Muumba.

Je, asiyepona amekosa imani? Mtume Paulo aliponya wengi, lakini mwiba wake mwenyewe haukuondolewa, ingawa alimwomba Bwana mara tatu. Trofimo alimwacha Mileto hali mgonjwa. Timoteo alimshauri atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Nani atathubutu kusema kwamba Paulo hakuwa na imani? Basi asiwepo wa kumhukumu mama aliyefiwa.

Kanisa laamini kwamba Mungu aweza kuponya kwa muujiza, wala halichoki kumwomba. Lakini lachunguza. Huko Lourdes, Ufaransa, ambako Bikira Maria alimtokea Mt. Bernadeta mwaka 1858, madaktari hupima habari za kupona, na miujiza iliyotambuliwa rasmi hata sasa ni 70 na ushei tu. Bwana wetu mwenyewe aliwatuma wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Aliyeponywa kweli haogopi kupimwa.

Tena tunayo Sakramenti. Mt. Yakobo aagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta (Yak 5:14-15). Zamani wengi waliuita Mpako wa Mwisho, wakamwogopa padre kama mjumbe wa kifo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza mwaka 1963 kwamba Mpako huu si wa wale tu walio katika saa ya kufa, na mwaka 1972 Papa Paulo VI alitengeneza upya ibada yake. Neema yake humtia mgonjwa nguvu na amani, humwondolea dhambi, na humrudishia afya ya mwili ikiwa yafaa kwa wokovu wake.

Kwa hiyo, enyi baba na mama, mgonjwa akizidiwa fanyeni yote mawili mapema: mpelekeni kwa daktari na mwiteni padre. Na yeyote atumiaye dawa za kifua kikuu, kisukari au Ukimwi, hata akiombewa, asiziache mpaka daktari aseme. Tukimeza dawa kwa ishara ya Msalaba, tumemheshimu Mungu mara mbili.