Petroli Ikichemka Njiani
Somo kwa wakulima wa Nuu wenye pikapu na mashini za kabureta

Pikapu hutoka Nuu asubuhi na magunia ya ndengu, nayo huenda vizuri. Mchana, jua likiwa kali, hupanda kilima polepole na mzigo wake. Injini huanza kukohoa, hupungukiwa na nguvu, halafu huzima. Dereva hutazama tangi na kuona kwamba petroli imo. Hujaribu kuwasha mpaka betri huchoka. Baada ya nusu saa injini huwaka yenyewe kama kwamba haikuwa na ugonjwa wo wote.

Wakulima wengi wakiona hivyo hununua kabureta nyingine au pampu nyingine, na baada ya siku chache gari huzima tena. Fedha zimepotea bure. Basi yafaa kila mwenye gari la kabureta ajue ugonjwa huu, kwa maana huenda siku moja ndani ya pikapu hiyo kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali Mwingi.

SABABU YA UGONJWA

Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mepesi na mazito. Yale mepesi huanza kugeuka mvuke kwenye joto la digrii 35 hadi 40 tu za Selsiasi. Yale mazito hungoja mpaka karibu digrii 200. Huku kwetu miezi ya Februari na Machi, na tena Septemba na Oktoba, jua peke yake huleta joto linalokaribia kiasi hicho. Chini ya boneti joto hupita hapo sana.

Pampu ya petroli ya magari ya zamani hufungwa kwenye injini yenyewe. Kazi yake ni kuvuta petroli kutoka tangi lililo nyuma. Petroli inayovutwa huchemka upesi kuliko petroli inayosukumwa. Mvuke ukijaa katika bomba, pampu huvuta mvuke badala ya petroli, na injini hufa njaa.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huo. Ukizima injini ya moto, feni husimama na maji ya rejeta huacha kuzunguka, lakini chuma bado kina moto. Kwa dakika kumi na zaidi joto chini ya boneti huzidi kupanda. Petroli iliyo katika bakuli la kabureta huchemka na kumwagika ndani ya injini. Hapo injini haina njaa, bali imeshiba kupita kiasi. Hii ndiyo sababu gari huzima vizuri dukani, kisha hukataa kuwaka mwenye gari akirudi na kibiriti chake na sukari yake.

HATA MAGARI YA MASHINDANO

Asidhani mtu kwamba ugonjwa huu ni wa magari mabovu tu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari kwa gari la Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Hata hivyo, gari hilo lenye sifa kubwa linajulikana kwa kusumbuliwa na joto la petroli. Kabureta zake mbili zimekaa upande mmoja na mabomba ya moshi, tena juu yake, na joto hupanda juu siku zote. Wenye magari hayo huweka bati la kukinga joto chini ya kabureta na kufunika mabomba ya petroli. Mkulima aweza kufanya vivyo hivyo kwa pikapu yake.

PIMA KWANZA

Usifungue kitu kabla ya kupima. Zima sigara, na asiwepo mtu mwenye moto karibu.

1. Fungua mfuniko wa tangi polepole. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, na injini ikiwaka baadaye, tundu la hewa limeziba kwa vumbi. Hapo ugonjwa si joto. Safisha tundu hilo. Pikipiki nyingi za kabureta hupatwa na jambo hili.

2. Injini ikiwa imezimwa, ondoa chujio la hewa, tazama ndani ya kabureta, na vuta waya wa akselereta kwa mkono. Petroli ikiruka kama mchirizi mwembamba, bakuli lina petroli. Isiporuka, huenda bakuli ni kavu, na mvuke umeziba njia.

3. Ukisikia harufu kali ya petroli, na plagi zimelowa, injini imeshiba.

4. Ikiwa petroli ipo na plagi si mbichi, mwite fundi apime cheche. Koili iliyochakaa nayo huweza kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Wengi hudanganyika hapo.

LA KUFANYA NJIANI

Ikiwa injini ina njaa, egesha gari kivulini, fungua boneti, na ungoje dakika 20 hadi 30. Lowesha kitambaa kwa maji, ukiweke juu ya pampu na bomba la petroli. Usimwage maji baridi juu ya bomba la moshi au injini ya moto, kwa sababu chuma huweza kupasuka. Wala usifungue mfuniko wa rejeta kabla haijapoa; maji yake yatakuunguza uso.

Ikiwa injini imeshiba, kanyaga akselereta mpaka chini na uishike hapo hapo, huku ukiwasha. Usiikanyage mara kwa mara, maana kila mkanyago huongeza petroli. Injini ikiwaka, achilia polepole.

MAMBO YASIYOFAA KABISA

Watu wengine humwaga petroli kwa kikombe ndani ya mdomo wa kabureta huku mwenzao akiwasha. Jambo hili huunguza watu. Injini ikipiga nyuma, moto hutoka kwenye kabureta, hushika kikombe, kisha mkono na nguo. Pikapu ni mali, lakini itapatikana nyingine, macho hayapatikani.

Pia usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Kiasi kidogo kikiingia mapafuni huweza kuua, na mtoto asiruhusiwe kamwe kufanya kazi hiyo.

KINGA NI BORA

Kwanza, tafuta sababu ya joto lenyewe. Safisha rejeta kwa maji. Makapi ya ndengu na mbegu za nyasi huziba njia za hewa. Tazama ukanda wa feni na kiasi cha maji. Mwambie fundi apime wakati wa cheche, kwa maana cheche inayochelewa huzidisha joto la injini.

Pili, fuata bomba la petroli kutoka tangi mpaka kabureta. Mahali linapopita karibu na bomba la moshi, lisogezwe mbali na kufungwa imara. Badilisha mipira iliyopasuka. Mpira unaovuja huingiza hewa, na petroli ikidondoka juu ya chuma cha moto huleta moto.

Tatu, weka bati kati ya kabureta na bomba la moshi, ukiacha nafasi ya hewa kupita. Fundi aweza pia kuweka kipande kinene kisichopitisha joto chini ya kabureta.

Nne, usisafiri mchana na petroli kidogo. Tangi lililojaa hupata joto polepole. Ukiweza, panda kilima na mzigo wako asubuhi mapema.

Tano, ikiwa hayo yote hayakutosha, pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi husaidia sana, kwa sababu husukuma petroli badala ya kuivuta. Lakini ifungwe na fundi mwenye ujuzi, iwe ya nguvu inayofaa kabureta yako, na iwe na swichi ya kuikata gari likigongwa. Magari mengi ya siku hizi yasiyo na kabureta yana pampu ndani ya tangi, ndiyo maana ugonjwa huu ni nadra kwao.

Wenye mashini ndogo za kuvuta maji kwenye mito ya mchanga, wazitengenezee kivuli cha makuti au nyasi, mbali na bomba la moshi. Izimeni mashini ipoe kabla ya kuongeza petroli.

MASWALI

1. Kwa nini petroli huchemka upesi ikivutwa kuliko ikisukumwa?
2. Utajuaje kama injini ina njaa au imeshiba?
3. Ni jambo gani usilolifanya kamwe kwenye mdomo wa kabureta?

Asomaye somo hili amsomee na dereva wake, na kijana wa pampu pia. Gari likizima juani, mwenye haraka huungua, na mwenye kungoja nusu saa hufika.